Ugonjwa Uliorudi na Sura Nyingine

Mara ya kwanza ugonjwa ulipoingia katika shule ya Kasenga, walimojazana watu waliokimbia vita vya uwanda wa Ruzizi, Délice na mdogo wake Amandine waliugua pamoja, juu ya mkeka mmoja, wakitapika katika beseni moja. Watu walidhani ni kipindupindu. Dokta Herménégilde, msimamizi wa kituo cha afya kilichofunguliwa humo darasani, alipata majibu ya vipimo akasema sicho: ni virusi vya tumbo viitwavyo norovirusi, na chanjo yake haijapatikana. Mgonjwa hunyweshwa maji ya chumvi na sukari, akizidiwa hutundikiwa serumu ya mshipani, basi.

Walipona. Dokta akawaomba wabaki kuhudumia wengine.

"Miili yenu imekwisha kukijua kirusi hiki," aliwaambia. "Kwa sasa hakitawasumbua."

Na kweli, walifua mashuka, walimwaga matapishi, hawakuumwa hata kichwa. Délice, ambaye vita vilikuwa vimemwachia Amandine tu katika familia nzima, alijiona amepata kitu kimoja ambacho hakuna mwenye bunduki angeweza kumnyang'anya.

Mwaka uliofuata risasi zilisogea tena, umati mpya ukashuka kutoka uwandani, na kutapika kukarudi. Safari hii Amandine alikuwa na mimba kubwa.

"Yaya, miye naogopa," alimwambia dada yake mkubwa. "Juu ya mtoto."

"Unaogopa nini? Ugonjwa huu ulishatupata, weye na miye. Hauwezi tena kutufanya kitu. Batu beko banakufa mule ndani, na hakuna wa kubashika."

Amandine akavaa glavu, akamfuata dada yake.

Haikupita wiki. Délice alikuwa amebeba ndoo ukumbini tumbo lilipomkata, akapiga magoti na kutapika palepale. Alijiambia ni chakula. Jioni ile Amandine naye alikuwa chini, macho yamedidimia, midomo imekauka.

Barabara ilikuwa imefungwa, boti haziji tena bandarini Kalundu, na serumu zilikwisha. Délice, naye akijikokota, alimnywesha mdogo wake kwa kijiko. Kila kilichoingia kilitoka. Uchungu wa kuzaa ukamshika Amandine kabla ya wakati. Mtoto alizaliwa asilie. Adhuhuri, foleni ya uji ikipiga kelele nje, Amandine naye akanyamaza.

Baada ya mazishi Délice alimfuata daktari.

"Ulisema hakitatusumbua."

Dokta Herménégilde alikaa kwenye dawati la wanafunzi.

"Nilisema kwa sasa, mama, na sikurudi kuwaambia kwamba kinga hiyo haidumu. Tena kirusi hiki si kilekile. Ni cha ukoo mmoja na kile, ila kimebadili ngozi yake ya nje, pale kinga ya damu inapokikamatia. Damu yenu ilikuwa inatafuta sura ya mwaka jana."

Alimwomba sampuli ya kinyesi chake, ipelekwe kwa wenzake wa maabara Kinshasa wanaofuatilia mabadiliko hayo. Ingewasaidia wanaotafuta chanjo.

"Chanjo ya gani?" Délice aliuliza. "Ya ule wa kwanza, ao ya huu umemuua Amandine, ao ya ule utakuja?"

"Hapo ndipo wanapokwama. Wakimaliza kulenga kimoja, kingine kimeshasambaa. Wanajaribu kuweka aina kadhaa ndani ya chanjo moja, lakini hakuna anayejua ni ipi itafuata."

Délice alitoa alichoombwa. Kisanduku cha barafu chenye sampuli kilishushwa Kalundu kungoja boti. Mizinga ikaanza kusikika upande wa kaskazini, umeme ukakatika mji mzima, na boti haikuja. Barafu iliyeyuka.

Daktari mwenyewe ndiye aliyemletea habari kwamba sampuli imeharibika, imetupwa. Alimkuta ameinua kichwa cha mzee mmoja aliyekimbia kutoka Kiliba, anamnywesha. Délice alimsikia vizuri. Alichovya kijiko tena kikombeni, akangoja mzee ameze.