Jina Lililokaa Juu ya Dohani

Usiku wa jana niliota dohani ya nyumba yetu, ile ya matofali ya kutolea moshi, imeshuka kutoka juu ya paa, imeketi sebuleni kwenye kiti cha marehemu baba, na inakohoa.

Sikushangaa. Mvua ikinyesha Njombe, kila kitu hutafuta moto. Nikaisalimu, "Kamwene." Ikaitikia, "Kamwene," kisha ikakohoa tofali zima, likaangukia kwenye zulia. Nililiokota nikaliweka mezani, kama mtu anayeokota leso ya mgeni.

"Mama yako yuko wapi?" ikauliza.

"Chumbani, amelala."

"Amelala upande gani?"

"Upande wa ukuta."

"Ukuta wangu huo," ikasema, ikajifunika blanketi.

Ilikuwa inasema kweli. Dohani yetu inapanda nyuma ya kitanda cha mama, na ukuta ule umelowa tangu mwaka aliofariki baba. Kila Krismasi tunaupaka rangi nyeupe ili wageni wasione doa. Ikifika Machi doa limerudi, limenenepa, siku hizi lina hata mabega. Mama huligeuzia mgongo akalala. Daktari wa zahanati alisema kikohozi chake ni cha baridi. Kaka Elikana, mkubwa wetu, alisema ni cha uzee. Mimi niliyesomea ujenzi mpaka diploma nilisema kinatoka juu: ile kofia ya saruji inayofunika kichwa cha dohani imepasuka, inaingiza maji, ivunjwe imwagwe nyingine ya zege. Niliyasema hayo kwenye kikao cha ukoo. Nikaambiwa nisubiri wanaume wamalize kuzungumza. Hawajamaliza mpaka leo.

Sababu yao ilikuwa moja. Juu ya kofia ile limeandikwa jina la baba, ZAKARIA, limechorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. "Ukivunja ile umevunja jina la baba," alisema Elikana, na kikao chote kikainamisha vichwa kama watu walioona jeneza. Hata mama aliinamisha chake, akikohoa kwenye kanga.

Basi ndotoni sebule ikawa kikao kilekile. Wajomba wapo, mashangazi wapo, chai ipo. Aliyekaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima ni Maji. Ni bwana wa makamo, amevaa koti refu, ana adabu kuliko sisi wote. Anainua miguu kila shangazi anapopita ili asimlowanishe.

Elikana anafungua kikao. Kichwa chake ni bapa. Juu yake kuna kikombe cha chai na hakitikisiki, jambo ambalo kila mtu analisifu. Anasema kofia ya dohani ilipimwa kwa pima maji, ikatoka sawasawa kabisa, hata ukiweka kikombe juu hakimwagiki. Anasema wasomi wa siku hizi wanataka kuiharibu kazi hiyo.

Nikasema ubaya wake ni huohuo. Penye bapa maji hukaa.

Maji akasimama, akaomba radhi, akaenda kukaa juu ya kichwa cha Elikana, kando ya kikombe. Elikana akaendelea kuwashukuru waliohudhuria. Matone yalikuwa yanamtiririkia machoni, naye akayaita machozi ya kumkumbuka baba. Mashangazi wakampa pole.

"Hebu tusomee hizo kanuni zako," akasema mjomba mmoja, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto aimbe.

Nikasema kofia inatakiwa iteremke kutoka katikati kwenda nje. Hapohapo sakafu ikateremka kutoka katikati kwenda nje, wajomba wakaanza kuserereka kuelekea mlangoni na vikombe vyao, wakiendelea kubishana. Nikasema itokeze kupita ukuta, na chini ya ukingo ichongewe mfereji ili tone lidondoke mbali na matofali. Mashangazi wakaota kingo mabegani, na matone yakawadondokea mbali na magauni. Wakasema ni mtindo mzuri, ila ungeletwa na mwanaume.

Nikasema ya mwisho: zege lisishikane na bomba la moshi. Kinachopata moto hutanuka, na kisipoachiwa nafasi hupasua kilichokibana.

Elikana akacheka. "Sasa kinachopata moto hapa ni nini, dada?"

Kilikuwa ni mimi. Nilianza kutanuka kuanzia kifuani. Mikono ikagusa madirisha ya pande zote mbili. Nikaomba wasogee kando kidogo, wakasema hakuna nafasi, viti vyote vina watu. Basi dari ikapasuka, kichwa changu kikatokea juu ya bati, na mwili wote ukafuata, ukarudi kimo chake. Nikawa nimesimama juu ya paa kwenye ukungu. Chini ya bati nilisikia kikao kikiendelea bila mimi, kama kawaida.

Juu ya dohani herufi saba zilikuwa zimelala chali, zimejaa maji hadi midomoni.

"Shikamooni," nikasema, kwa kuwa ni jina la baba.

"Usituamkie," ikajibu Z. "Sisi hatumjui baba yako."

Nikasema zinamjua, zimeandikwa kwa mkono wake.

"Tuliandikwa baada ya mazishi," ikasema K. "Lipu ilibaki pale kaburini. Si mnasema saruji ya msiba haitupwi wala haijengi kitu kipya? Elikana akaona hapa si kujenga, ni kuziba. Mchanga mwingi, saruji kidogo, kokoto hakuna. Akaisawazisha na pima maji. Alipoona nyufa zinaanza kabla haijakauka, akachukua msumari, akatuchora juu yake."

Nikaangalia. Ufa ulianzia kwenye Z, ukapita katikati ya kila herufi, ukazama ndani kwenye A ya mwisho. Maji yalikuwa yanaingia kwa kufuata jina.

"Kumbe anailinda kazi yake," nikasema.

"Sisi tunalindwa tu," zikasema. "Hatukuomba."

"Na mama alijua?"

Herufi zikatazamana. Ni R iliyojibu. "Yeye ndiye aliyeshika ngazi."

Nikaingia kwenye ufa, maana ulikuwa na nafasi ya kunitosha, nikateremka kwenye giza la masizi. Nilitegemea kutokea mekoni. Nikatokea ndani ya kifua cha mama.

Ni chumba kidogo. Maji alikuwa amefika kabla yangu. Amevua viatu, ametundika koti lake kwenye ubavu, anapanga fanicha. Kitanda amekwisha kukiweka. Kila mama anapovuta pumzi chumba kinapanuka kidogo, na Maji anatumia nafasi hiyo kusogeza kabati.

Nikamwambia atoke.

"Mimi sikuvunja mlango, binti," akasema. "Nilikaribishwa kwa jina la marehemu. Nyumba gani ingenikataa?"

"Anaumia."

"Najua. Nasikia kila kitu humu. Kuna maneno yamekaa kooni pake, kila yakitaka kutoka linatoka kohozi." Akanionyesha kiti, kikiwa kimelowa. "Mimi huenda palipo wazi. Nikikosa pa kuingilia, nitaondoka. Sina ugomvi na mtu."

Mama akakohoa, nikarushwa juu hadi kwenye paa. Safari hii nyundo ilikuwa mkononi.

Sauti ya Elikana ikapanda kutoka chini ya bati. Alisema laana. Alisema ukoo. Alisema nitakufa sijaolewa, na mjomba mmoja akaongeza kuwa hilo lilikuwa linajulikana. Nikapiga. Lipu ile haikuhitaji nguvu, ilimeguka kama mkate wa juzi. Herufi zilinyanyuka zenyewe kabla sijazifikia, zikajikung'uta.

"Twende wapi?" ikauliza Z.

"Kaburini. Ndiko mlikotakiwa kuandikwa."

Zikashuka kwa ngazi kwa mpangilio, K ikilalamikia magoti. Kikao kiliziona zikipita dirishani na hakuna aliyesimama kumuaga baba. Walikuwa wamefikia ajenda ya chai ya pili.

Nikachanganya zege, kokoto, mchanga na saruji, nikaweka na nondo. Nikaifanya iteremke pande zote. Nikaitokeza kupita matofali, nikachonga mfereji chini ya ukingo, nikaacha nafasi kuzunguka bomba. Sikuandika kitu. Maji akaja akasimama juu yake kwa viatu vyake vizuri, akateleza, akadondoka mbali na ukuta. Aliinuka bila kinyongo, akashika njia ya bondeni.

Nikaamka.

Mvua ilikuwa inanyesha kweli. Mama hakuwa kitandani. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya moto, kanga mabegani, beseni la maji ya vuguvugu miguuni pake. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, akanishika mikono kabla sijaketi, akaigeuza.

Chini ya kucha zangu kulikuwa na saruji, mbichi bado.

Aliizamisha mikono yangu kwenye beseni, akaanza kusugua kidole kimoja kimoja kwa kipande cha kitambaa, taratibu, mpaka maji yakawa ya kijivu. Aliposema, alisema bila kuinua uso, na hakukohoa.

"Kaka yako akiuliza nani kapanda juu, mwambie ni mimi. Na wewe ndiye uliyeshika ngazi."