Yai la Pitanga Halingoji Gari

Pitanga alikuwa ng'ombe wa marehemu mke wangu, Zulmira. Wa mbegu ya Gir halisi, masikio marefu yaliyoning'inia kama majani makavu ya mgomba. Ndama wake wote walikuwa madume, tukauza. Sasa kazeeka, joto halimjii tena, nami nilitaka kitu kimoja tu: mtamba wa Gir kutoka tumbo lake, ukoo usikatike.

Ushirika wetu wa wafugaji ukasema utasaidia. Atachomwa sindano za homoni, avunwe mayai, yakatungishwe maabara kwa mbegu safi. Daktari wao wa mifugo, Rosilene, ndiye aliyemchoma. Baada ya sindano ya mwisho aliketi jikoni kwangu, akanywa kahawa.

"Yai lake lilikuwa limelala, mzee. Limezungukwa na seli ndogondogo. Homoni ikifika, inaziamsha zile seli zisage sukari, zilipe yai chakula kilicholainika, kama mama anayemtafunia mtoto. Likishiba, linaiva."

"Likiiva?"

"Halingoji mtu. Tusipolichukua kesho asubuhi, linatoka lenyewe, linapotea."

"Basi msichelewe. Nyie na ahadi zenu."

"Usinichanganye na mwenyekiti wa ushirika, mzee."

Kesho yake Rosilene alikuja na pikipiki, mikono mitupu, macho mekundu kama mtu aliyetoka kugombana. Gari la ushirika lenye mashine ya kuvunia mayai, mwenyekiti kalichukua, kapeleka wageni wake kwenye maonyesho ya mifugo.

"Na zile mbegu za Gir?"

"Zimo garini humohumo."

Ndivyo walivyo wakubwa. Mali yetu sote, lakini wao wakitaka kutembea, ng'ombe wa maskini asubiri. Pitanga hakujua kusubiri; sindano zilikuwa zimemrudishia joto. Alikuwa akilia na kuzunguka zizi zima, kama mwari.

Jirani yangu Jovelino alikuwa kaegemea ua, anacheka. Nyuma yake dume lake, Sereno, lisilojulikana babu yake.

"Anesio, langu halihitaji gari."

"Nyamaza wewe. Atazaa chotara. Zulmira angenifukuza nyumbani."

"Zulmira alikuwa anamwogesha huyu kwa sabuni ya kuogea," alisema Jovelino, na kicheko kikamwisha. "Leo ungemwambia kwamba ndama wa Pitanga humtaki kwa sababu ya masikio?"

Nikamgeukia Rosilene. "Tukingoja mwezi ujao?"

Alimpapasa Pitanga shingoni kwanza. "Sikudanganyi, mzee. Kwa umri huu, sidhani sindano zitamwamsha tena. Leo yai limeiva. Uamuzi ni wako."

Nilimwona anavyoona haya kwa kosa lisilo lake, nikamhurumia. Huyu atakwenda kufokewa kwa kuja kwangu, na mwenyekiti atarudi kashiba nyama ya kuchoma.

Nikamlaani mwenyekiti, na waliomchagua, nami nikiwemo. Kisha nikafungua lango.

Sereno aliingia polepole, kama mgeni asiyejua kama kaalikwa. Nikamshika Pitanga pembe, nikamwambia atulie.