Kikaango cha Honorata

Mwanvua wa Ujiji alikuwa na ugonjwa mmoja: masizi. Akiona sufuria yenye weusi, hata kama si yake, mikono inamwasha. Zake zilianikwa kichanjani zikimeremeta, na mwanamke aliyepita bila kuzisifu, huyo alikuwa na wivu tu, hana lolote.

Mwaka ule wa vita vya ng'ambo ya ziwa, watu walipokuwa wakishushwa ufukweni na watoto na magodoro, alimkuta Honorata wa Uvira amekaa mchangani na bintiye Scola, mvua inakuja. Akasema twendeni kwangu, basi, wakaenda. Honorata alikuwa amevuka ziwa na mtoto, kitenge na kikaango. Yeye na mumewe walipotezana njiani. Sasa zikaja habari kwamba kuna wengine wameshukia Ilagala, naye akaamua kwenda kumtafuta, amwache Scola kwa Mwanvua. Kuachiwa mtoto wa watu wakati kama ule si jambo dogo, na Mwanvua alitaka aonekane anastahili.

Ndipo akakiona kile kikaango. Cheusi ndani, cheusi tii. Maskini, akasema moyoni, amekimbia hata nafasi ya kuosha chombo hakupata. Akakipeleka ziwani, akakitia mchanga na majivu, akasugua. Weusi ukagoma. Akasugua hadi jasho likamtiririka, akakwangua kwa kisu huku akiutukana, mpaka ukaanza kubanduka vipande vipande na bati jeupe likachungulia. Alirudi nyumbani anaimba.

Akamkaangia Scola mayai humo humo. Yaliganda vibaya sana, akayabandua kwa nguvu, yakatoka na chembe nyeusi. Masizi ya mwisho mwisho hayo, akajiambia. Mtoto akala nusu.

Honorata alikuwa amekwenda kuulizia mashua. Aliporudi akakiona kikaango kinang'aa, akakaa chini.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimekusafishia."

"Ule haukuwa uchafu. Ni dawa, wanaipaka kiwandani ili chakula kisishike. Muuzaji alituonya tusikwangue."

Mwanvua akaitazama sahani ya mtoto. "Na mtu akiila?"

"Sijui. Hakutuambia."

Dawa? Dawa anazozijua Mwanvua hunywewa, au hupakwa kidondani. Kikaango kinaumwa nini? Kama haidhuru, kwa nini watu waonywe? Na kama ni sumu, nani mwenye akili timamu anaipaka mahali pa kukaangia mayai? Akamkimbilia jirani yake, Mzee Pastory, aliyewahi kuwa mpishi melini, hata shikamoo ikatoka nusu.

"Hata sisi melini tulionywa," Pastory akamwambia. "Tukiuliza kwa nini, tunaambiwa kikaango kitaharibika. Habari za tumbo la mtu hakuna aliyezisema. Wengine walidai inapita tu na choo, wengine wakasema inakaa mwilini mpaka ufe. Mimi nimeila miaka mingi. Niangalie."

Mwanvua akamwangalia. Macho yameingia ukungu, magoti yamevimba. Sasa hiyo ni dawa, au ni uzee? Akarudi amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda.

Honorata alikuwa anafunga vitu katika kitenge chake, Scola amekaa pembeni. Mwanvua akajua yamekwisha. Watapanda mashua mama na mwana, na ziwa limechafuka hivyo, na mtoto ni mdogo hivyo. Nani amwachie mwanawe mtu anayemlisha kitu ambacho hata hakijui? Akaivuta ile sahani, akaanza kula mayai yaliyobaki, pamoja na zile chembe, machozi yanamtoka.

Honorata akaja akachuchumaa mbele yake, akachukua kipande cha mwisho sahanini, akakitia mdomoni mwake mwenyewe, akakitafuna polepole mpaka akakimeza.

"Usiku Scola asilale karibu na mlango," akasema. "Kifua chake kibaya."