Chuma Kilichonyweshwa Maji

Kak! Nondo iliyosalia kwenye ujenzi ilikatika mikononi mwa kibarua Venansi kabla haijapinda. Alitaka ndoano tu ya kutundikia ndoo, akabaki na vipande viwili na kicheko. "Mzee Mustafa, chuma chenu kina hasira!"

Mustafa hakucheka. Aliokota kipande, akatazama kilipokatikia: chembe za kijivu, zinang'aa kama chumvi. Jembe lililozidishiwa ugumu hukatika hivyohivyo.

Mhunzi huyu wa Nyamugari alikuwa amezizunguka ofisi za serikali kule Gitega mwaka mzima akiwasemea wahunzi wenzake. Kwa nini madaraja yetu yasimame kwa chuma cha ugenini, na sisi tupo? Alisema hata redioni. Mwishowe wakubwa wakakubali: haya, jaribuni hili dogo la Buhinyuza, wanakopita wakimbizi wanaorudi kutoka kambi za Tanzania. Nyamugari ilishangilia, weee! Wahunzi walikusanya springi za malori yaliyoungua vitani, wakafua nondo. Na kila nondo, ingali nyekundu, Mustafa mwenyewe aliamuru itumbukizwe majini. Baba yake alifanya hivyo kwa majembe, na babu yake pia. Kwao, chuma kisichokunywa maji hakikutoka karakanani.

Lakini jembe linataka ugumu. Daraja linataka kupinda kidogo. Lo! Mbona hakuliwaza hilo?

Sasa nondo nyingine zote zimelala ndani ya zege, na daraja limeshapakwa chokaa. Ng'ambo ya mto, lori la kwanza linashuka mlima, watu wamekaa juu ya magunia na mabati, wanaimba.

Rachid, mhunzi mwenzake, alikuwa amekiona kile kipande. Akamvuta pembeni.

"We, nyamaza. Ukisema, kazi iko imeisha. Wakubwa hawatatupa tena kazi hata ya msumari."

"Na kama linavunjika?"

"Labda halivunjike."

"Labda! Mi naogopa, Rachid. Naogopa sana."

"Nyamugari yote inakutegemea, ndugu yangu. Utawaambia nini?"

Lori lilipiga honi. Miguu ya Mustafa ikaanza kwenda yenyewe, halafu ikakimbia, kipande cha nondo kikiwa bado mkononi. Alifika katikati ya daraja, akanyoosha mikono.

"Simama! Rudini nyuma!"

Dereva alikanyaga breki, magurudumu ya mbele yakiwa tayari juu ya zege. Nyimbo zikakatika. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akainama kutoka juu ya magunia.

"Nyuma wapi, baba?" aliuliza kwa upole. "Kambi imefungwa."

Mustafa aliinua kile kipande cha nondo amwonyeshe. Hapo chini, ndani ya zege, kitu kikalia: tik.

Akabaki vilevile, mikono juu, asithubutu kusogeza hata unyayo.