Barafu ya Mita Mia Tatu

Nipe picha ya mlima wowote nikuambie barafu yake ina unene gani, na kitini sinyanyuki. Sijawahi kukosea. Ndivyo nilivyomwambia mjomba asubuhi ile, miguu yangu ikiwa juu ya meza, naye amepiga magoti sakafuni akikunja mpira wa maji ya moto anaotobolea barafu.

"Profesa," akasema. Jina hilo alinipa siku nilipomaliza sekondari, na hakulitoa kwa heshima. "Mpira huu unapanda mlima kwa mgongo wangu. Sema kweli, nichukue wa urefu gani?"

"Mita mia tatu, mjomba. Na kidogo cha akiba."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ameze jiwe.

Ofisi yetu ni sebule ya mama mdogo. Yeye ndiye mtaalamu wa barafu, mimi naendesha modeli yake kwenye kompyuta, na bibi, mama yao wote wawili, hukaa dirishani akifuma soksi za wapanda mlima. Modeli yenyewe haina uchawi. Barafu hutiririka kama asali: penye mteremko mkali huwa nyembamba, penye ubapa hujazana. Unachora mpaka wa barafu kwenye picha ya setilaiti, unaipa kompyuta miteremko, inakupa unene.

Mji mzima hunywa maji ya barafu ile. Halmashauri ilitaka kujua imebaki kiasi gani, na mama mdogo aliwaahidi kwamba shimo la kwanza la mjomba litalingana na hesabu yetu. Lisipolingana, kazi anapewa mwingine, na sebule inarudi kuwa sebule.

Kesho yake simu ikalia. Mama mdogo akafungua spika.

"Profesa yupo?" Mjomba alikuwa anahema. "Mwambieni nimetoboa."

"Umefika wapi, mjomba?"

"Kwenye maji. Barafu kimo cha mlango wa choo, basi, kisha maji hayo. Mpira uliobaki nimeukalia hapa. Kwa kiti haufai, lakini ndiyo kazi pekee uliyoupatia."

Mama mdogo akavuta kompyuta. Akafungua picha, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kioo. Pale alipotoboa mjomba, chini kabisa barafu inapoishia, palikuwa na weupe kama kwingine kote, ila bapa kama sinia.

"Hili ni ziwa," akasema polepole. "Limeganda, theluji ikalifunika. Nawe umelichora ndani ya mpaka. Ziwa halina mteremko, mwanangu. Modeli imelidhani ndiyo barafu nene kuliko zote."

"Kwa rangi vinafanana, mama mdogo."

"Chumvi na sukari pia."

Hapo miguu yangu ilishashuka mezani yenyewe. Nikalitoa ziwa, nikachora mpaka upya huku mama mdogo ananihemea shingoni, nikaendesha modeli. Kwenye tambarare ya barafu, juu zaidi kupita ziwa, ikatoa mita sitini. Mjomba akasikia, akaguna, akasema atajikokota huko kukipambazuka.

Siku iliyofuata hatukufanya kazi yoyote ya maana. Mama mdogo alipanga kalamu, akazipangua. Simu ilipolia tuliidaka wote wawili, tukafungua spika.

"Hamsini na nane," mjomba akasema. "Nimegonga mwamba."

Mama mdogo akakaa sakafuni akicheka, machozi yanamtoka. "Yatosha, kaka. La ziwani nitaieleza halmashauri lilivyokuwa. Hili ndilo shimo la kwanza la barafu."

Nami nikarudisha mguu mmoja mezani, taratibu. "Nilijua tu. Kosa lenyewe si langu, ni la kompyuta. Ingekuwa na adabu ingenionya. Ilinyamaza kimya kama maji mtungini."

Bibi hakuinua macho kwenye soksi.

"Mume wangu," akaniita, "si iliandika maandishi mekundu, ikalia ti, ti, ti? Ukaiambia, 'Hebu nyamaza, kikongwe wee,' ukabonyeza, ikanyamaza. Nikadhani unasema na mimi."

Nilikuwa nimesahau kwamba spika bado iko wazi.

"Mama," sauti ya mjomba ikatoka kule mlimani, "hebu rudia hapo. Huku kuna upepo."

Bibi akaweka soksi mapajani, akasafisha koo, akarudia kwa sauti.