Chupa ya Babu Mkubwa

Mwezi mpevu wa kufungua msimu wa mvua ukifika, mji mzima wa Phimai hukauka koo, maana ni siku takatifu na sheria inakataza kuuza pombe. Mama Kimlang wa dukani hulifunika friji lake la bia kwa shuka la maua, kama maiti ya mtu aliyependwa, na wageni hupita wakilitazama kwa huzuni inayofaa. Watawa hawana haraka siku hiyo, wala mbwa hawana haraka. Wanaohangaika ni wazungu waliokuja kutazama magofu. Huzunguka kutwa wakiulizia kama kuna mlango wa nyuma.

Kwa Bibi Sangwian hakuna mlango wa nyuma. Nyumba yake ya wageni ni vyumba vichache na kibaraza kinachotazama mto, na tangu aifungue hajauza hata kopo moja la bia siku takatifu. Jirani yake wa mtaa wa pili humimina bia ndani ya birika akaiita chai. "Chai gani hiyo ina povu na inamfanya mtu aimbe?" huuliza Bibi Sangwian, kwa sauti ya kumfikia mwenyewe. Yeye huwachemshia wageni wake tangawizi na mchaichai, jua likielekea kuzama huwagawia kila mmoja mshumaa na ua la yungiyungi, kisha huwaswaga mbele yake kama bata mpaka hekaluni, wakalizunguke pamoja na watu. Huenda wakinung'unika. Hurudi kimya, nta imewadondokea vidoleni, na mwakani ndio wale wale wanaouliza mapema siku takatifu inaangukia lini.

Kwa hiyo mwaka huu Phimai ingemwona, ingemcheka mpaka mbavu ziume. Maana asubuhi ya siku hiyo, mtu aliyekuwa akitafuta pombe kwa udi na uvumba alikuwa Bibi Sangwian mwenyewe.

Kisa kilianzia hospitali ya Korat, kwenye korido, mumewe Mzee Thawin akiwa ndani amepasuliwa kifua. Bibi Sangwian alikuwa ameshasali sala zote za hekaluni anazozijua. Zilipomwishia, akamgeukia Babu Mkubwa. Huyu ndiye mzimu mlinzi wa ukingo wao wa mto tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na kajumba kake kamesimama juu ya nguzo moja nyuma ya mianzi. Babu Mkubwa hapendi maneno mengi. Anapenda pombe kali ya mchele.

"Nirudishie huyu mwanamume nyumbani," alimwambia kimoyomoyo, pale pale penye harufu ya dawa. "Mwezi mpevu wa kwanza utakaomkuta ndani ya nyumba yake, kabla jua halijazama, utapata chupa nzima isiyofunguliwa na kuku mzima na kichwa chake."

Alitegemea Mzee atatoka baada ya siku chache. Madaktari wakamng'ang'ania. Alipotoka hatimaye, amekonda lakini mdomo uko vile vile, Bibi Sangwian alitazama kalenda ukutani akaona mwezi mpevu wa kwanza ndio huo wa siku takatifu. Hakubabaika. Alinunua chupa mapema, akaifunga kwenye gazeti, akaificha nyuma ya gunia la mchele. Kuku alichinjwa na kuchemshwa jana yake, kwa kuwa siku kama ile hakuna mwenye akili zake anayetoa roho ya kiumbe. Hakumwambia mumewe neno. Ukimwambia mgonjwa kwamba ulimwombea uhai kwa chupa, atajua ulikuwa umeshamzika nusu.

Asubuhi hiyo akaingiza mkono nyuma ya gunia. Mkono ukakutana na ukuta.

Mzee Thawin alikuwa jikoni anakunywa uji wa wali, ametulia kama mtu aliyetoka kuoga.

"Mzee," akasema Bibi Sangwian polepole, "kuna mtu kaingia stoo?"

"Mimi. Jana ulipokwenda sokoni nilisafisha nyumba."

"Ulisafisha nini?"

"Pombe, mama. Zote! Nimemwahidi mtawa mkuu, mvua zote hizi mpaka zikatike sigusi tone. Basi nikasema nisiache kishawishi." Akainamisha kichwa, sauti ikashuka kwa aibu iliyochanganyika na majivuno. "Nimekuta moja nyuma ya gunia la mchele. Hebu fikiria! Hata sikumbuki niliificha lini."

Angekumbukaje? Katika ndoa yao mtu huyu alikuwa ameficha chupa darini, chini ya mtumbwi, ndani ya gitaa, na mwaka mmoja ndani ya kabati la mama mkwe. Chupa yoyote iliyofichwa katika nyumba ile, akiikuta, moja kwa moja anajua ni yake.

"Umeipeleka wapi?"

"Nimempa Wouter, yule Mholanzi wa chumba cha mwisho. Maskini, alikuwa amekaa kibarazani kama aliyefiwa, ameambiwa leo na kesho hakuna kitu. Alinikumbatia mpaka mshono ukauma."

Bibi Sangwian alikuwa ameshika upawa. Aliutazama upawa, akatazama paji la uso la mumewe, akaurudisha upawa chunguni.

"Umefanya vizuri," akasema. "Kunywa uji wako."

Akatoka mbio kwa Mama Kimlang, kandambili zikipigapiga lami. Alimkuta mwenye duka amekaa kando ya friji lililofunikwa, anajipepea.

"Dada Kimlang, nisaidie chupa moja ya pombe ya mchele."

Upepeo ukasimama hewani. "Nani? Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyenisuta mwaka juzi kwa sababu nilimuuzia Mjerumani kopo moja? Ukaniambia nitazaliwa tena panya wa ghalani?"

"Nilisema chura. Nisaidie."

"Hata ungekuwa mke wa mkuu wa wilaya. Polisi wanapita, na kamera hii hapa juu inanitazama kuliko mume wangu. Njoo keshokutwa, sheria ikifunguka."

"Basi nipe bure, kama zawadi."

"Nani ataamini kwamba Kimlang ametoa kitu bure?"

Hilo lilikuwa kweli. Bibi Sangwian akaondoka, na njiani akawapitisha majirani akilini mmoja mmoja. Walioapa kuacha kwa msimu walikuwa wamezimaliza chupa zao usiku wa kuamkia jana kwa bidii ya kutisha. Wasioapa walibaki na chupa zilizokwisha nusu, na yeye alikuwa ameahidi chupa isiyofunguliwa. Na Babu Mkubwa si mtu wa kuambiwa njoo keshokutwa. Buntham wa upande wa pili wa soko alimwahidi ngoma akaileta kwa kuchelewa, na nyati wake aliyekuwa amepona akaanguka tena siku hiyo hiyo. Huyo alikuwa nyati. Huyu wa nyumbani ana moyo ulioshonwa.

Ilibaki chupa moja tu katika Phimai yote, nayo ilikuwa katika chumba cha mwisho, kwa Waholanzi.

Wouter na mkewe Hanneke walikuwa watu wazima, wembamba wekundu, wanaopanda baiskeli juani kwa hiari yao. Walikuwa wakija kila mwaka, na Wouter alikuwa ameokota lugha sokoni vipande vipande, akivipanga anavyojua mwenyewe. Bibi Sangwian alimkuta kibarazani anaisugua miwani yake.

"Wouter, mwanangu. Ile chupa aliyokupa Mzee. Mmeifungua?"

Wouter akamtazama kwa shaka ya mtu aliyepewa kitu kizuri kikataka kupokonywa. "Hapana. Leo jioni. Mimi na Hanneke, ndoa yetu, miaka mingi leo. Chupa hiyo kwa sherehe."

"Naiomba."

"Bibi unataka pombe?" Miwani ikarudi puani ili aone vizuri. "Leo? Jana Bibi amesema mimi, Wouter, tangawizi inatosha. Mwaka jana amesema Wouter, koo lako si jangwa."

"Nilisema."

"Amesema bia imelala, usiiamshe."

"Nilisema yote hayo, na nitayasema tena mwakani. Sasa nisikilize." Akakaa sakafuni mbele yake, akakunja miguu pembeni. Jambo ambalo hakulimwambia mumewe, wala dada yake, wala mtawa, alijikuta analimwaga mbele ya Mholanzi mwenye magoti yaliyobabuka. Alisema juu ya korido, na mlango uliokuwa haufunguki, na alivyomwahidi Babu Mkubwa. "Sinunui," akamaliza. "Leo kununua haramu, hata ungenitajia bei ningeziba masikio. Naomba tu. Jua likizama sijalipa, sitalala, nitakesha nikisikiliza kama huyu mzee anapumua." Akajigusa kifuani, upande ule aliopasuliwa Thawin.

Wouter akainuka. Aliingia chumbani, na ndani zikasikika sauti mbili za Kiholanzi, ya kwake na ya mkewe. Bibi Sangwian akahesabu dhambi zake zote kwa watalii hawa: chai aliyowalazimisha, vicheko, kuwaswaga kama bata.

Mlango ukafunguka. Wouter alikuwa ameshika chupa kwa mikono miwili, bado imo ndani ya gazeti lake. Nyuma yake Hanneke alikuwa amevaa gauni zuri, lile la sherehe.

"Hanneke anauliza," akasema Wouter, "sisi ruhusa kuja?"

Wakaenda watatu, Bibi Sangwian na sinia la kuku, Hanneke na maua, Wouter na chupa kaibeba kama mtoto wa siku ya kwanza. Jua lilikuwa bado halijazama, lakini mbingu upande wa mto ilikuwa imeshakuwa nyeusi kwa mawingu. Nyuma ya mianzi, Bibi Sangwian alipanga kila kitu mbele ya kajumba, akaifungua chupa, akamimina kikombe kidogo, akawasha vijiti vya udi na kuvichomeka kwenye kopo la mchanga.

"Babu, ndiyo hii. Imechelewa kidogo kwa sababu ya yule uliyenirudishia. Unamjua mwenyewe."

Sasa ni kungoja. Mpaka udi uungue wote wenyewe, hapo ndipo Babu Mkubwa amekula na kushiba. Udi ukizimika katikati, ni kama mgeni ameinuka mezani na tonge mkononi. Na vijiti havijafika nusu, mvua ikaanza.

Bibi Sangwian alitanua vitambaa alivyofunikia sinia, havikutosha. Akamwona Wouter anavua shati. Wouter akalitandaza juu ya kopo la udi kwa mikono miwili, akainama, mgongo umeelekea mbinguni, na mvua ikamshukia yote. Hanneke akajibanza upande unaotoka upepo, na gauni lake likamgandama kama ngozi. Wakasimama hivyo. Chini ya shati vijiti viliendelea kuvuta moshi taratibu, vyekundu, wala havikujua kama kuna mvua.

Bibi Sangwian aliwatazama watu wale. Ameuza vitanda kwa wazungu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na alidhani anazijua tabia zao zote. Hii alikuwa hajaiona.

Hapo pikipiki ya polisi ikasimama barabarani. Koplo Prasoet alichungulia mianzini akiwa amevaa koti la mvua, akaona chupa iliyofunguliwa na mzungu kifua wazi.

"Nani anauza pombe hapa?"

"Hakuna anayeuza," akasema Bibi Sangwian bila kugeuka. "Babu Mkubwa amepewa chake. Unataka kumkamata Babu Mkubwa, kamba iko nyumbani, nikakuletee?"

Koplo akaunganisha viganja upesi usawa wa uso, kwa kajumba na si kwa bibi, akawasha pikipiki yake akaenda zake.

Kijiti cha mwisho kilipoisha, mvua nayo ikapungua. Bibi Sangwian akapiga magoti kwenye tope. "Babu, kama umeshiba, wajukuu wanaomba masalio," akasema, akainuka, akamkabidhi Wouter chupa, iliyopungua kile kikombe kidogo tu. "Kunyweni ndoa yenu. Hii sasa si ya kuuza wala ya kununua. Mmelishwa na Babu."

"Hiyo si ile chupa yangu?"

Mzee Thawin alikuwa amesimama kwenye njia, mwavuli mmoja kichwani, mwingine kwapani aliomletea mkewe, anahema kidogo kwa mwendo. Akamtazama kuku mwenye kichwa, majivu ya udi, Mholanzi aliyelowa, kisha mkewe magoti yote tope. Si mtu wa kuchelewa kuelewa. Wanaume wa ukingo ule wote wameombewa kitu pale, na mama zao au wake zao.

"Ulimwahidi lini?" akauliza.

"Korido ya Korat."

Mzee akampa mkewe ule mwavuli wa kwapani. Akasogea, akaunganisha viganja mbele ya kajumba na kuinamisha kichwa mpaka mwavuli ukaelemea mbele ukamwagia maji miguuni. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa, ingawa mwavuli alikuwa nao.

"Chupa moja?" akasema. "Sangwian. Miaka yote hii, mimi ni wa chupa moja?"

"Na kuku," akasema Bibi Sangwian, akamshika mkono asiteleze.