Bernadine Hajavutwa

Mama alitoa hukumu akiwa jikoni, anamenya viazi, bila hata kugeuka.

"Gari lako likivutwa mara ya tatu, linakwenda kwenye chuma chakavu. Nimemaliza."

Maribeth aliweka funguo mfukoni. Akiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa bado hajashinda ubishi wowote na Mama, na ubishi wenyewe alikuwa ameuanza mara mbili tu. Isitoshe, Mama alikuwa na haki ya kukasirika. Kazi yake ilikuwa kupokea simu kwenye kampuni ya kuvuta magari mabovu pale Kenton. Kila gari lililokufa wilaya nzima lilipitia sikioni mwake kwanza, na mara mbili gari hilo lilikuwa la binti yake.

Mara ya kwanza lilizimika mbele ya kanisa, jeneza likisubiri kupita. Mara ya pili lilizimika kwenye foleni ya magari ya dirisha la kuuzia baga, watu kumi na mmoja nyuma yake wakipiga honi huku viazi vyao vinapoa. Madereva wa kampuni walicheka kwenye redio za kazini wiki nzima. Mmoja aliuliza kama familia ina kadi ya mteja wa kudumu.

Gari lenyewe liliitwa Bernadine. Lilikuwa jeusi, la milango miwili, lenye injini ya silinda nane, na lilikuwa limeshatembea maili laki mbili na elfu thelathini na moja kabla Maribeth hajalijazia tanki kwa mara ya kwanza. Kiti cha dereva kilikuwa na shimo lenye umbo la makalio ya mtu mwingine. Maribeth alilipenda kama mtu apendavyo mbwa anayeuma wageni. Yeye mwenyewe hakuwa na sauti, kwa hiyo alimnunulia Bernadine sauti: aliling'oa bomba la moshi la zamani, akafunga mabomba mawili mapana yasiyo na kizuizi. Siku alipoliwasha, paka wa jirani alipanda juu ya paa, na hadi leo hushuka kula tu.

Kila Jumamosi asubuhi wenye magari ya aina hiyo walikusanyika mji wa Lima, kwenye uwanja wa duka lililofungwa, wakafungua maboneti na kunywa kahawa mbaya. Maribeth alitaka safari hii Bernadine awe msafi nje na ndani. Ijumaa alinunua kopo la dawa ya kuoshea injini. Maelezo yalisema imimine kwenye oili, acha injini iungurume dakika tano, kisha mwaga yote uweke oili mpya. Maribeth alifikiri: kama dakika tano zinasafisha, dakika ishirini zitang'arisha. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na nzito kama uji ulioungua. Akafurahi sana.

Kesho yake kule Lima, mzee Dwight Haffner alisimama mbele ya boneti la Bernadine, kikombe mkononi. Dwight alikuwa fundi mstaafu mwenye gari la rangi ya chungwa, na alikuwa na maoni kuhusu kila kitu kilicho na magurudumu. Alinusa. Akainama chini ya gari. Akainuka taratibu.

"We binti, umempa nini huyu?"

"Nimemwosha," Maribeth alisema, akitazama viatu vyake.

"Kumwosha wapi?"

"Ndani."

Dwight aliweka kikombe chini kama mtu aliyesikia habari za msiba. "Orrin! Njoo uone. Ameosha injini ya maili laki mbili na ushee!"

Shemeji yake Orrin alikuja mbio, akamwita na mwingine.

"Sikiliza, mwanangu," Dwight alisema. "Gari la umri huu, uchafu ndio gasketi. Uchafu ndio sili inayozuia oili kuvuja. Uchafu ndio ulioshika ndoa. Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Hebu tazama chini."

Maribeth alitazama. Chini ya Bernadine kulikuwa na dimbwi, nalo lilikuwa linakua.

Alisogeza kiatu kisilowe. Kutoka pale hadi nyumbani Kenton ni maili ishirini na nane.

"Piga simu uvutwe," Orrin alisema.

"Siwezi." Kisha, kwa sababu wote walimkodolea macho, akaeleza habari ya Mama kwa maneno manane hivi. Wote walimjua Mama. Wote walishawahi kusikia sauti yake wakiwa wamekwama mtaroni, na hakuna aliyekuwa ameisahau.

Dwight alitoa chupa tano za oili kwenye buti la gari lake. "Twende. Sisi tuko nyuma yako. Ukiona taa nyekundu ya oili, zima hapohapo, usisubiri hata kusali."

Walishika barabara ya 309. Kila maili tano Maribeth alisimama, akaongeza oili, akaendelea. Bernadine alitoa moshi wa buluu mzito hivi kwamba mkulima mmoja aliteremka kwenye trekta kuangalia kama shamba lake linaungua. Kila waliposimama Dwight alipiga kelele dirishani, "Jaza oili, angalia petroli!"

Chupa ya tano iliisha. Maili mbili kutoka Kenton, taa nyekundu ikawaka. Maribeth akazima papo hapo. Kimya kikawa kikubwa kuliko yale mabomba.

Mkono wake ukafanya ulichozoea: ukapiga namba ya kampuni. Alipozinduka, simu ilikuwa imeshapokewa.

"Kampuni ya uvutaji, eleza ulipo."

Maribeth alihema kwenye simu.

"Nasikia mtu anahema," Mama alisema. "Na namba hii nailipia mimi kila mwezi. Maribeth, unahitaji kuvutwa?"

Hilo ndilo swali waliloulizwa wateja wote. Ukisema ndiyo, linaandikwa, na likishaandikwa halifutiki. Maribeth alimtazama Bernadine, na ule mchirizi mweusi uliotoka huko walikotoka.

"Hapana," alisema. Akashangaa jinsi lilivyotoka. "Nahitaji kusukumwa. Nimekosea namba."

Akakata.

Dwight alikuwa ameshaelewa. Alilifunga tairi la akiba kwenye bampa lake la mbele kwa mkanda.

"Tumia gari lako basi," Orrin alisema haraka. "Mimi nimepaka rangi juzi."

"Nani amekuomba, we bibi harusi?"

Tairi likagusa matako ya Bernadine, naye akaanza kutembea. Bila injini usukani ulikuwa mzito kama kugeuza kaburi, na breki ilitaka miguu yote miwili. Njia ya kwenda nyumbani ilipita mbele ya ofisi ya Mama, nyingine hakuna.

Mama alikuwa amesimama katikati ya barabara, vipokea sauti bado kichwani, mkono umeinuliwa. Msafara ukasimama. Madereva wake walikuwa wamepanga mstari kwenye uzio kama wako uwanjani.

Mama alizunguka hadi mbele ya Bernadine. Akainama, akapapasa chini ya bampa. Akaangalia ndoano. Akainuka.

"Hakuna kamba," alisema.

"Hakuna, mama," Dwight alisema, amevua kofia.

"Hakuna mnyororo."

"Hatujawahi kuuona."

Mama alimtazama binti yake. Maribeth, kwa mara ya kwanza, hakutazama viatu.

"Nilisema kuvutwa," Mama alisema. "Ujinga wangu. Kesho nabadilisha sheria." Uzio mzima ukashangilia. Mama akawageukia: "Nanyi hamna kazi?"

Kisha akashika ukingo wa buti pamoja na Dwight, maana kona ya nyumbani ilikuwa na mlima na gari la Dwight lisingepinda. Wakasukuma, Orrin akitoa maelekezo kutoka mbali na rangi yake.

Bernadine alipoingia uani, Mama alifuta mikono kwenye sketi na kutazama nyuma, mchirizi mweusi ulivyonyooka toka kwenye geti lao hadi ofisini kwake na kuendelea.

"Huo utausafisha wewe."

"Kwa dawa gani?"

"Yoyote," Mama alisema, "ila siyo ile ya kwenye kopo."